Kuagiza gari kutoka mnada wa Japani kwa mtandao: mwongozo kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki

Sehemu kubwa ya magari ya mtumba yanayoteremshwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa hupita kwanza kwenye minada ya Japani, hata pale mnunuzi anapoyaona kwenye tovuti ya muuzaji yakiwa na bei kamili na picha zilizong'arishwa. Muuzaji huyo naye mara nyingi amelinunua gari mnadani, akaongeza faida yake, kisha akalitangaza. Anayeagiza moja kwa moja kutoka mnadani huokoa faida hiyo, lakini hujitwika kazi ambayo muuzaji alikuwa akilipwa kuifanya, yaani kuchagua, kusoma hali ya gari kwenye karatasi, kukadiria bei, na kubeba hasara makadirio yakikosewa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayenunua gari moja la matumizi yake, au machache ya kuuza tena, naye ana jambo moja la kulishika kuliko mengine yote: dau lake alipange kwa kuanzia geti la bandari ya nyumbani na kurudi nyuma hadi Japani.

Jinsi mnada unavyokwenda

Minada hii si ya kila mtu. Nyumba za mnada kama USS, TAA, HAA Kobe na JU hupokea wanachama tu, nao ni wafanyabiashara wenye leseni ya kuuza vitu vilivyotumika, ambayo Japani hutolewa kupitia polisi. Mtu aliye Morogoro au Nakuru hununua kupitia wakala, yaani kampuni mwanachama inayomwekea dau kwa niaba yake. Mnada wa USS Tokyo, unaofanyika kila Alhamisi katika mji wa Noda, huweza kupitisha magari zaidi ya 10,000 kwa siku moja, kwa hiyo kila gari hunadiwa kwa sekunde chache tu. Wanunuzi waliopo ukumbini hubonyeza kitufe, walio mbali hubonyeza kwenye kompyuta, na bei hupanda kwa viwango vidogo vilivyopangwa mpaka abaki mmoja. Muuzaji huwa ameweka bei ya chini anayoikubali, ambayo wanunuzi hawaioni. Isipofikiwa gari haliuzwi, ingawa wakala anaweza kuomba mazungumzo na muuzaji baada ya hapo.

Japani iko mbele yetu kwa saa sita. Mnada unaoanza saa nne asubuhi kule huwa ni saa kumi alfajiri huku, na ndiyo sababu dau hutolewa jioni ya siku iliyotangulia. Mnada pia husimama wakati wa mwaka mpya, wakati wa sikukuu za mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, na katikati ya Agosti, kwa hiyo mwenye haraka asipange safari yake katika majuma hayo.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya kodi kabla ya kutazama gari lolote

Wengi huanza na picha, wakapenda rangi, kisha wakaja kushtuka bandarini. Anza na kodi. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Mapato (TRA) huweka kwenye tovuti yake kikokotoo cha magari yaliyotumika: unachagua aina, modeli, mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa injini na nchi gari linakotoka, nacho kinakuonyesha thamani ambayo mamlaka inalihesabia gari hilo pamoja na kodi yake yote. Kinachotozwa kodi kwa kawaida ni thamani hiyo ya mamlaka, wala si bei uliyoipata mnadani. Ukilipata gari kwa bei ya kutupa, kodi haishuki. Kwa upande mwingine hili lina faida yake, kwa sababu kodi unaijua hata kabla ya mnada.

Umri ndio unaoumiza. Tuchukue gari dogo la abiria lenye injini ya ukubwa kati ya sisi (cc) 1,001 na 2,000 ambalo thamani yake ya forodha pamoja na usafirishaji ni dola 3,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni dola 750, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 unahesabiwa juu ya jumla hiyo, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inapanda juu ya vyote, hivi kwamba kodi kuu zinafika takriban dola 1,646. Gari lilelile likiwa limepita miaka kumi tangu kutengenezwa, huongezwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, nao pia hutozwa kodi ya ongezeko la thamani, na jumla inaruka hadi karibu dola 2,974. Kwa gari la kati ya miaka minane na kumi, ongezeko hilo ni asilimia 15. Hapo hatujagusa ada ndogondogo za forodha, reli na usajili. Viwango hivi huweza kuguswa na bajeti ya Juni kila mwaka, kwa hiyo mfano huu uchukue kwa ajili ya kuelewa mpangilio, kisha hesabu yako ifanye kwenye kikokotoo siku unayoagiza. Gari lenye injini isiyozidi sisi 1,000, kama Passo au Vitz ya mitungi mitatu, huokoa ule ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, na hiyo ni sababu mojawapo ya magari hayo kujaa mijini.

Nchini Kenya mlango wenyewe ni mwembamba zaidi. Gari lisizidi miaka minane tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza, usukani uwe kulia, na likaguliwe Japani na wakala aliyeteuliwa na KEBS, shirika la viwango la Kenya, kabla ya kupakiwa. KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, nayo hukokotoa kodi kwa kuanzia orodha ya bei za magari mapya ya rejareja, kisha hupunguza kwa uchakavu. Uganda haipokei gari lililozidi miaka kumi na mitano. Zingatia tofauti ya kuhesabu: Tanzania hutazama mwaka wa kutengenezwa, Kenya hutazama usajili wa kwanza, ilhali karatasi ya mnada huonyesha usajili peke yake. Gari lililotengenezwa Novemba na kusajiliwa Februari laweza kukuvusha mpaka wa umri bila wewe kujua, kwa hiyo mtake wakala athibitishe mwezi na mwaka wa kutengenezwa kwa namba ya chasi kabla hujaweka dau.

Hatua ya pili: chagua wakala, na ujue analipwaje

Kuna mawakala wa namna mbili. Wa kwanza hukutajia bei moja ya gari likiwa bandarini Japani, na faida yake imefichwa humo. Akilipata kwa bei ndogo, tofauti ni yake. Wa pili hukutoza bei halisi ya mnada pamoja na ada maalumu iliyotajwa mapema, halafu anakuonyesha matokeo ya mnada. Kwa maoni yangu wa pili ndiye anayefaa, maana wa kwanza hana sababu ya kukutetea bei inapopanda. Muulize kwa maandishi: ada yako ni kiasi gani, ada ya nyumba ya mnada ni kiasi gani, usafiri kutoka mnadani hadi bandarini ni kiasi gani, na je, nitaonyeshwa bei gari lilipouzwa? Anayekwepa swali la mwisho amekwishakujibu.

Kujua kama kampuni ipo kweli, anza na orodha ya wanachama wa JUMVEA, chama cha wasafirishaji wa magari yaliyotumika cha Japani, kisha linganisha anwani, simu na jina kamili na yale yaliyo kwenye ankara utakayotumiwa. Akaunti ya benki iwe ya kampuni hiyohiyo, kwa jina lilelile, na iwe Japani. Akaunti ya mtu binafsi, au ya nchi nyingine kwa kisingizio kwamba ile ya kawaida inakaguliwa, ni dalili ya kufunga mazungumzo.

Wakala wa kweli hudai amana kabla ya kukuwekea dau, nayo hurudishwa usiposhinda. Soma masharti ya kurudishwa kwake, kwa sababu wapo wanaoirudisha kwa kukata gharama za benki, na wapo wanaoizuia mpaka ununue.

Hatua ya tatu: soma karatasi ya mnada mwenyewe

Hapa ndipo pa kutumia muda. Kila gari hukaguliwa na mkaguzi wa nyumba ya mnada, ambaye hana maslahi na muuzaji wala mnunuzi, naye hujaza karatasi moja kwa mkono. Wakala atakupa tafsiri fupi, mara nyingi mistari miwili. Omba nakala ya karatasi yenyewe, iliyo safi kiasi cha kusomeka.

Aghalabu daraja la gari huandikwa juu upande wa kulia. Daraja S na 6 ni magari yaliyo karibu na upya, 5 na 4.5 ni mazuri sana, 4 ni zuri lenye kasoro ndogo, 3.5 limetumika na linaonyesha, na 3 lina kazi ya bodi inayokungoja. R au RA maana yake gari liliwahi kupata ajali iliyogusa fremu na likatengenezwa. Herufi A hadi E karibu na daraja hueleza hali ya ndani. Usilinganishe madaraja ya nyumba tofauti kana kwamba ni mtihani mmoja, kwani 4 ya mnada mmoja inaweza kuwa 3.5 ya mwingine. Kwa hali za barabara zetu, gari la 3.5 lenye injini isiyo na maelezo mabaya ni ununuzi wa busara kuliko 4.5 iliyokulazimu kupunguza bajeti ya matairi na huduma ya kwanza.

Chini ya karatasi kuna mchoro wa gari lililofunguliwa kama ngozi iliyowambwa, wenye herufi na namba. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, B ni kubonyea pamoja na mkwaruzo, W ni mahali palipopigwa rangi au kunyooshwa na bado panaonekana mawimbi, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula chuma, X ni kipande kinachohitaji kubadilishwa, na XX ni kilichokwisha kubadilishwa. Namba 1 ni kidogo, 2 ni wastani, 3 ni kubwa. Tuseme una Vitz mbele yako, daraja 3.5, ndani B, na mchoro unaonyesha A1 kwenye milango yote miwili ya kushoto, U2 kwenye bampa ya nyuma, W2 kwenye kipande kilicho juu ya gurudumu la nyuma kulia, na XX kwenye boneti. Mikwaruzo ya milango usiifikirie. Boneti iliyobadilishwa peke yake inaweza kuwa matokeo ya ajali ndogo, lakini ikiambatana na W nyingi za mbele na taa iliyo mpya kuliko mwenzake, muulize wakala kama nguzo za mbele ziliguswa. W2 ya nyuma pamoja na U2 ya bampa zinasimulia kugongwa kwa nyuma kulikonyooshwa. Omba picha ya sakafu ya buti, chini ya tairi la akiba, kwa sababu chuma kilichokunjwa hapo hakifichiki.

Miaka huandikwa kwa kalenda ya Kijapani. H ni enzi ya Heisei, jumlisha 1988: H28 ni 2016. R ni Reiwa, jumlisha 2018: R2 ni 2020. Mwaka 2019 una majina mawili, H31 hadi mwisho wa Aprili na R1 kuanzia Mei.

Kilomita ziangalie mara mbili. Nyota au alama nyingine isiyo ya kawaida kando ya tarakimu iulizie, na maneno 走行不明 yana maana kwamba kilomita halisi hazijulikani. Gari la Japani hupita ukaguzi wa serikali uitwao shaken, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu na baadaye kila baada ya miwili, na kilomita hurekodiwa. Gharama ya ukaguzi huo ndiyo inayowafanya wenye magari wengi kuyauza yangali na nguvu. Baadaye utakapopokea cheti cha usafirishaji nje, kilomita zilizoandikwa humo zisiwe nyingi kuliko zile zilizo kwenye dashibodi.

Maneno mengine matatu ya kuyatambua kwa macho tu, hata kama hujui Kijapani: サビ ni kutu, オイル漏れ ni kuvuja kwa oili, na 冠水 ni gari lililozama kwenye maji. La mwisho usilinunue kwa bei yoyote. Kuhusu kutu, tazama pia mnada uko wapi: magari ya Hokkaido, Niigata na kaskazini ya Honshu hutembea kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, na bodi iliyo safi juu inaweza kuwa imeoza chini.

Karatasi haisemi kila kitu. Hali ya betri ya gari la haibridi, linalotumia petroli na umeme, kama Aqua au Prius kwa kawaida haimo, nayo ikifa hapa gharama yake inaumiza. Kama gari ni la bei kubwa, mlipe wakala ampeleke mtu alitazame siku ya mnada, aliwashe, na apige picha za chini.

Hatua ya nne: panga dau kwa kurudi nyuma

Chukua fedha zote ulizonazo na uondoe kila kitu kisichokuwa bei ya mnada. Kwa mfano wa kufundishia tu, mtu ana dola 6,000. Kikokotoo kimemwambia kodi ni 2,100. Kwa wakala wa forodha, bandari na usajili anatenga 600. Meli ni 1,300. Ukaguzi na bima ni 250. Ada ya wakala, ada ya mnada na kulivuta gari hadi bandari ya Japani ni 600. Amebakiwa na 1,150, naye akiacha 150 kwa ajili ya kuyumba kwa yen, dau lake la mwisho ni dola 1,000, yaani sehemu moja ya sita ya fedha zake. Akipandisha dau kwa dola 300 kwa hasira ya mnada, fedha hizo hana mahali pa kuzitoa isipokuwa kwenye kodi au bandari, na huko hakuna anayesubiri.

Kabla ya kutoa namba hiyo, omba wakala akuonyeshe bei ambazo magari ya modeli, mwaka, daraja na kilomita zinazokaribiana yaliuzwa miezi michache iliyopita. Dau lako likiwa chini sana ya bei hizo, badilisha gari na uiache namba ilivyo. Toa dau moja la mwisho kwa maandishi, kwa yen, ukitaja namba ya gari mnadani na tarehe. Ukishindwa gari moja, mengine yatakuja juma lijalo. Kwa IST, Probox au Noah hakuna sababu ya kuchezesha bajeti. Kumbuka pia kwamba dau lililoshinda halirudi nyuma. Kujitoa baada ya kushinda huleta faini, na amana ndiyo inayokwenda kwanza.

Hatua ya tano: lipa, bila haraka inayopofusha

Wakala anapaswa kuilipa nyumba ya mnada ndani ya siku chache, kwa hiyo atakupa muda mfupi. Udanganyifu unaowakuta hata walio makini hutokea hapa: barua pepe inaingia katika mazungumzo yaleyale, kwa jina lilelile, ikisema akaunti imebadilika. Huwa ni mwizi aliyeingia kwenye barua pepe ya mmoja wenu. Piga simu kwa namba uliyoihifadhi tangu mwanzo, wala si ile iliyo kwenye barua hiyo, na usome tarakimu za akaunti kwa sauti kabla ya kwenda benki. Hifadhi stakabadhi ya uhamisho, na uandike namba ya chasi katika sehemu ya maelezo ya malipo.

Hatua ya sita: meli na nyaraka

Gari husafirishwa kwa meli ya magari, ambamo huendeshwa hadi ndani, au kwa kontena. Meli ya magari ni nafuu kwa gari moja. Kontena hulinda zaidi, na huwafaa wanaogawana nafasi. Mpe wakala jina lako kama lilivyo kwenye TIN, au kwenye PIN ya KRA kwa Mkenya, herufi kwa herufi, kwa sababu kurekebisha jina kwenye hati ya shehena meli ikiwa njiani hugharimu fedha na siku. Nyaraka za kudai ni hati ya shehena, cheti cha usafirishaji nje pamoja na tafsiri yake, ankara, na cheti cha ukaguzi pale kinapotakiwa. Zifike kabla ya meli. Mkabidhi wakala wa forodha mapema ili kodi iwe imelipwa gari linaposhuka, kwani siku za bure za kuhifadhiwa bandarini zikiisha, tozo huanza na haingoji nyaraka zilizochelewa.

Hatua ya saba: bandarini, ukiwa na karatasi mkononi

Nenda na nakala ya karatasi ya mnada na picha za siku ya mnada. Zunguka gari ukifuata mchoro, herufi kwa herufi, na chochote kisichokuwamo kiandikwe kwenye fomu ya makabidhiano kabla ya kutoka getini; dai linalotolewa baada ya gari kulala nyumbani halina wa kulisikiliza. Hesabu tairi la akiba, jeki, spana ya magurudumu, ufunguo wa pili kama ulitajwa, na kadi ndogo ya ramani ya redio. Kadi hiyo hupotea sana, na bila yake redio nyingi za Toyota hubaki zikionyesha maandishi ya Kijapani ya kuidai na hazifanyi kingine. Hata ikiwapo, redio ya Japani haishiki masafa yote ya FM ya kwetu, hivyo fundi wa redio utamhitaji kwa kifaa kidogo cha kuongeza masafa. Kabla ya safari ndefu badilisha oili ya injini, tazama maji ya rejeta na umri wa matairi, ambao umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne za juma na mwaka.

Ukija kuuza

Karatasi ya mnada na cheti cha usafirishaji nje usivitupe, hata baada ya kupata kadi ya gari au logibuku. Siku ya kuuza, piga picha ya karatasi hiyo na uiweke kwenye tangazo pamoja na picha za gari, ukificha namba chache za mwisho za chasi ili zisitumiwe na matapeli. Eleza kasoro zilizoongezeka tangu lilipofika, kwani mnunuzi anayeikuta W mwenyewe huishusha bei kuliko aliyeambiwa. Kutaneni mchana mahali penye watu, fedha zithibitishwe kwenye akaunti yako na si kwenye ujumbe wa simu anaokuonyesha mnunuzi, na umiliki uhamishwe rasmi TRA, au NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kwa Kenya, siku hiyohiyo, kwa sababu faini za barabarani zitaendelea kukufuata wewe mpaka jina libadilike.